Futa hiyo grisi kwanza, mshahara tutaongea baadaye

Futa hiyo grisi. Leo hii. Usingoje kumaliza kusoma.

Umeuliza mambo manne hapa jukwaani: kijana anayefanya kazi kwa dereva wa rali analipwaje, abebe vifaa gani, cheti cha ufundi ni lazima au la, na je, madereva hawa ni watu wa kukalika nao. Kisha huku mkiani, kama mtu anayetaja hali ya hewa, ukatupia kwamba fundi mkuu amekuagiza upake grisi stadi za magurudumu (vile vyuma vyenye meno vinavyokaziwa nati) "ili nati zitoke haraka wakati wa huduma", yaani pale gari linaposimama kutengenezwa katikati ya rali, na kwamba umeshamaliza magurudumu mawili. Walionitangulia kukujibu wote wamejadili mshahara. Mmoja amekushauri uombe kofia ya timu. Kofia! Hakuna aliyeiona grisi. Mimi nimeiona, na chai yangu imeishia kwenye kibodi.

Nilipaka grisi hiyohiyo, kwa sababu hiyohiyo, nikiwa na umri kama wako, mwaka 1999. Ndio mwaka ambao Mskoti Colin McRae alishinda Safari, rali yetu ya Kenya, na Ford Focus, gari lililokuwa jipya kabisa kwenye mashindano. Watu walijipanga barabarani kushangilia. Sisi tulikuwa tumeshakaa chini ya mgunga upande wa Kajiado, tunatazama gari lenye magurudumu matatu.

Dereva wangu hakuwa wa timu ya kiwanda. Alikuwa anashiriki kwa mfuko wake, Mkenya, mwenye malori mawili ya mchanga na Subaru moja ya Kundi N, yaani gari la dukani lililobadilishwa kidogo tu, iliyokuwa imepinduka mara mbili kabla mimi sijaajiriwa. Tulimwita Mzee, ingawa hakuwa amefika hata hamsini. Mimi nilianza kwa kuosha gari. Mwaka uliofuata nikaruhusiwa kushika spana. Mama yangu aliwaambia majirani kwamba mimi ndiye dereva, na sikumsahihisha.

Na kulikuwa na fundi mkuu. Jina lake silitaji, maana bado yu hai na ana wakili, na mimi nina mkopo. Kila sentensi yake ilianza na "Wajapani wenyewe". Wajapani wenyewe hawafungi hivyo. Wajapani wenyewe hawalali. Usiku wa kuamkia Safari akanipa kopo la grisi, akaniambia, "Paka stadi zote. Wajapani wenyewe hupaka, nati inatoka kama imepakwa sabuni." Nikapaka. Stadi tano kila gurudumu, jumla ishirini, nikazing'arisha kama viatu vya askari. Nilijivunia! Nilimwita hata mlinzi wa gereji aje aone.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu huyo wako naye hajakueleza hili, na huenda halijui. Nati haishiki gurudumu kwa sababu imezungushwa sana. Inashika kwa sababu stadi imevutwa kidogo, kama mpira wa manati, na inataka kurudi, kwa hiyo inaikandamiza rimu kwenye habu, kile kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Kuvutwa kidogo, lakini si kupita kiasi. Chukua nguvu yako ya kukaza kama shilingi kumi. Nati ikiwa kavu, shilingi tisa hivi zinaliwa na msuguano, kwenye meno ya stadi na pale nati inapokaa kwenye rimu. Ni shilingi moja tu inayobaki kuivuta stadi. Ukipaka grisi, tuseme msuguano unakula nane. Kilichobaki si moja tena, ni mbili. Mkono wako haujui lolote, umesukuma kama siku zote, lakini stadi imevutwa maradufu. Na sisi tulikuwa na bomba la chuma la urefu wa mita moja tulilolichomeka kwenye mpini wa spana, kwa sababu Wajapani wenyewe... unanielewa.

Stadi ikivutwa kupita uwezo wake hairudi. Inarefuka, inakonda shingo, na hapo haikandamizi kitu tena. Imebaki kuning'inia tu ikingoja shimo la kwanza. Na Safari haina uhaba wa mashimo.

Kuna timu zinazopaka kitu kwenye stadi, ndiyo, najua mtu atakuja hapa kunibishia. Hizo zina spana ya kipimo, inayoonyesha umekaza kiasi gani, iliyopangwa kwa hali hiyohiyo, zina stadi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na zinazibadilisha kabla hazijachoka. Wewe una spana ya kipimo? Uliandika kwamba mnakaza "kwa mwili". Basi acha stadi ziwe kavu na safi, piga brashi ya waya, na usibishane na mtu.

Nirudi Kajiado. Enzi hizo huduma haikukaa mahali pamoja kama ilivyo Naivasha sasa. Tulikuwa tunalikimbilia gari njiani kwa pikapu, tunatangulia, tunatandika turubai, tunangoja. Ningeweza kuandika ukurasa mzima juu ya kungoja tu. Unalisikia gari kabla hujaliona. Kwanza ndege wanaruka, halafu mbwa, halafu ile sauti ya injini inayokwenda na kurudi kati ya vilima, halafu vumbi linasimama angani kama moshi wa shamba linalochomwa. Watoto wanatokea usijue wametoka wapi. Mzee mmoja wa pale alituletea maziwa kwenye kibuyu akakaa nasi saa nne nzima bila kusema neno, gari lilipofika akatikisa kichwa, akaenda zake. Ningerudia siku zile hata kwa nusu ya mshahara, na mshahara wenyewe ulikuwa nusu.

Gari likaingia. Tukabadilisha magurudumu yote. Mimi nilikuwa na la nyuma kushoto. Nati ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu ikakaza, ikakaza, halafu ikalainika. Haikulegea. Ilizunguka tu bila kuzidi kukaza, kama jino lililooza linavyokubali ulimi. Nikasimama na spana mkononi.

Sijui nilisimama muda gani. Labda sekunde tatu. Nilijua. Sikuwa na maneno ya kuelezea nilichokijua, sikuwa nimesoma popote kwamba stadi hurefuka, lakini mkono ulishaniambia kuna kitu hakiko sawa. Na fundi mkuu nyuma yangu akipiga kelele, "Sekunde! Sekunde! Unangoja nini, harusi?" Nikahamia nati ya nne. Nayo ikalainika vilevile. Nikahamia ya tano. Nikashusha jeki, nikapiga bodi mara mbili kwa kiganja, ishara kwamba niko tayari, na Mzee akaondoka.

Kile kiganja mara mbili ndicho kosa langu. Grisi nilipaka kwa sababu nilidanganywa. Kupiga bodi nilipiga mwenyewe. Nimeshajitetea kwa mke wangu, kwa padre, na kwa daktari wa meno aliyeuliza tu kwa nini nasaga meno, lakini kwako sijitetei.

Redio ikanyamaza dakika ishirini. Halafu sauti ya msaidizi wa dereva, imetulia kabisa: "Tumesimama. Gurudumu la nyuma kushoto limetangulia."

Tulipofika tulikuta stadi mbili zimekatika, nyingine tatu zimechanwa meno. Gurudumu lilipotoka, diski ilishuka ikalima barabara. Kipande cha breki kimeng'oka na bomba lake, mkono wa chini umepinda, na tundu la mafuta ya breki linadondosha kwenye vumbi. Hakuna aliyeumia, kwa sababu lilitoka kwenye kona ya polepole. Kilomita mbili kabla yake kulikuwa na mteremko mrefu wa mawe ambao Mzee alikuwa ameushuka mguu ukiwa chini. Sipendi kuufikiria ule mteremko.

Saa mbili baadaye akatokea mvulana mchungaji, wa miaka kumi hivi, analisukuma gurudumu letu kwa fimbo, mbio, kama watoto wanavyoendesha rimu ya baiskeli. Alikuwa amelikuta bondeni. Akalisimamisha mbele ya Mzee akanyoosha mkono. Mzee akamvulia koti lake la mashindano, lile lenye jina lake kifuani, akampa. Lilimfika kwenye visigino. Mpaka leo naamini kuna mtu mzima huko Kajiado anayesema aliwahi kuwa dereva wa Safari, na ana ushahidi kuliko mimi.

Halafu nikageuka, nikamwona fundi mkuu amechuchumaa upande wa pili wa gari, anafuta stadi zilizobaki kwa kitambaa chenye petroli. Kimyakimya. Mtu anayeiamini grisi yake haifuti! Na Mzee alipouliza, akasema, "Kijana ana mkono mzito." Si neno zaidi. Miaka ishirini na kitu imepita na nikiisikia hiyo "kijana ana mkono mzito" kwenye usingizi, naamka. Kinachouma ni kwamba ilikuwa kweli. Nilikuwa na mkono mzito, na bomba la mita moja, na kopo alilonipa yeye. Kati ya hivyo vitatu alikumbuka kimoja.

Mzee akaja kwangu akaniuliza swali moja. "Mkono wako ulisikia kitu?"

Nikasema hapana.

Ili tushiriki mwaka ule alikuwa ameuza lori moja kati ya yale mawili. Kwa hiyo ukitaka kujua bei ya kopo moja la grisi, ni lori la tani saba, halijachakaa sana.

Nilikaa na hiyo "hapana" siku tisa. Mzee alikuwa na desturi ya kufika gereji alfajiri kabla ya yeyote, na chupa ya chai. Siku ya kumi nikamtangulia, nikamngoja mlangoni, nikamwambia nilisikia. Nati ya tatu na ya nne. Akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akanipa mimi, yeye akanywea chupani. Kisha akasema, "Najua. Nilikuona kwenye kioo umesimama. Na mimi nikaondoka." Basi. Hakuongeza kitu. Tulikunywa chai.

Ukiuliza kama madereva ni watu wa kukalika nao, sijui wako. Wangu alikuwa hivyo.

Wiki ile akanunua kwa wauza vyuma vikuukuu stadi arobaini za kila namna, na habu moja iliyochoka, akaifunga kwenye vaisi. Akanipa spana na bomba lilelile, akanifunga macho kwa kitambaa. "Vunja zote." Nikadhani ananikomoa. Kumbe ananisomesha. Kaza polepole, sema kwa sauti unachosikia: inakaza, inakaza, inakaza, laini. Hapo simama. Tunaitoa, tunaipima kando ya nyingine, tunaona imerefuka kiasi gani. Halafu nairudisha naendelea mpaka ikatike, ili nijue kati ya "laini" na "pa!" pana nafasi ndogo kiasi gani. Nusu ya stadi zilikuwa kavu, nusu za grisi, sikuambiwa ipi ni ipi. Kufikia ya ishirini nilikuwa nazitambua. Zile za grisi zinakudanganya: zinakwenda vizuri, vizuri, halafu umeshapita. Fundi mkuu alipita mara mbili akasema tunaharibu vyuma. Mwezi uliofuata akaenda timu nyingine, nasikia na grisi yake.

Huku navunja stadi, Mzee anasimulia. Kwamba mwaka 1968 yaliondoka magari 93 na yakamaliza saba, na 1963 vilevile yalimaliza saba. Kwamba Joginder Singh, Simba wa Kenya, mtoto wa Kericho, alishinda 1965 na Volvo, kisha 1974 na 1976 na Mitsubishi, lakini hesabu ambayo Mzee aliipenda si hizo tatu. Ni kwamba Joginder aliingia Safari mara 22 akamaliza mara 19. "Hiyo kumi na tisa," ananiambia, "ni mafundi waliosema ukweli." Na alipenda sana ile ya 1993, Patrick Njiru alipofika mwisho na Subaru Vivio ya cc 660, gari dogo kama sanduku la mkate, wakati Vivio ya McRae ilikuwa imeishia njiani. Alikuwa akicheka mpaka anakohoa. McRae huyohuyo! Nimesikia hadithi ile mara mia na ningelipa kuisikia tena.

Mwaka 2000 tulirudi, gari lilelile, lori lililobaki likiwa limewekwa dhamana. Huduma ya pili, gurudumu la mbele kulia, si langu hata, la mwenzangu. Nilikuwa napita na dumu la mafuta, nikamwona mwenzangu amesimama na spana. Ameganda tu, kama mimi mwaka uliotangulia. Gari limeshawashwa. Nikaweka dumu mbele ya bampa na nikakaa juu yake.

Mzee alipiga honi. Msaidizi wake alinitukana kwa lugha tatu. Tukatoa ile nati, stadi imekonda shingo, tukagonga, tukaweka mpya, dakika nne zikaenda. Tulimaliza Safari. Wa ngapi sisemi, kulikuwa na watu wachache nyuma yetu na baadhi walikuwa wanavutwa.

Kwa hiyo wewe mdogo wangu, sheria yangu ni moja na utaisikia mpaka uichoke: mkono ukisikia laini, gari haliondoki. Haijalishi nani anapiga kelele, dereva ni bingwa wa nini, au dakika ngapi za adhabu. Lala mbele ya gari ikibidi. Na kwako ni lazima zaidi kuliko kwangu, kwa sababu tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, mnafanya huduma kwenye uwanja mmoja Naivasha. Gari likishatoka pale, ninyi hamruhusiwi kulifuata na spana. Likipata shida kule kwenye njia ya mashindano ya Kedong, kwenye lile vumbi laini kama unga, ni dereva na msaidizi wake tu, na vifaa walivyobeba ndani. Mimi angalau niliweza kufika na pikapu kutazama aibu yangu. Wewe utaitazama kwenye simu.

Sasa fanya hivi. Toa nati zote za yale magurudumu mawili. Futa stadi na meno ya nati kwa kitambaa na petroli, si kupangusa tu, futa mpaka kitambaa kitoke safi. Kama mlishakaza kwa bomba zikiwa na grisi, usizifute: zitoe, weka mpya. Stadi mpya ni bei ya chakula cha mchana. Angalia pia uso wa rimu pale inapokutana na habu. Ukikuta rangi mpya, kwangua, maana rangi husagika baada ya kilomita chache na nati inabaki imelegea hata kama uliikaza sawasawa. (Ukiniuliza nimejuaje, hiyo ni hadithi nyingine na gari lingine, na sikuwa mimi niliyepaka. Nilishika tu brashi.) Kaza kwa kuruka, nati moja kisha ile ya upande wa pili, si kwa kuzunguka. Malizia gurudumu likiwa limekanyaga chini. Na hilo bomba, kama mnalo, lipeleke nyumbani ukafanye nguzo ya kuanikia nguo.

Fundi mkuu akikuuliza nani amekuruhusu kufuta, mwambie ni mzee mmoja wa jukwaani. Akisema Wajapani wenyewe hupaka, nitumie namba yake kwa siri. Nataka kusikia sauti tu.

Ulikuwa umeuliza nini kingine? Vifaa. Beba tochi ya kichwani na betri za akiba, brashi ya waya, na nguo kuukuu safi nyingi kuliko unavyodhani. Cheti, sikuwa nacho, sina. Malipo... walionitangulia wamesema. Mimi nililipwa shilingi mia mbili kwa siku na chai kwenye kifuniko.

Umetoa nati? Usinijibu "nitafanya kesho". Piga picha ya stadi, iweke hapa, nipo macho.